Asiransi ya gari na moto: siku ya ajali, nani analipa?

Kila shofere wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ama Uvira anaijua ile karatasi ndogo. Polisi wa rulaje akikusimamisha, anaomba permi, kisha karatasi ya gari, kisha asiransi. Wengi wetu tunaichukua kama kodi ingine ya Leta: unalipa ili upite, basi. Muda ukiisha, unatafuta namna ya kujipanga na yule aliyekusimamisha.

Lakini ile karatasi si kodi. Ni ahadi iliyoandikwa kwamba gari lako likimgonga mtu, kuna kampuni itakayomlipa ule mtu ama familia yake. Tena ahadi hiyo haikuwekwa kwanza kwa faida yako wewe mwenye usukani. Iliwekwa juu ya mama anayevuka barabara na beseni lake la ndizi kichwani, na mtoto anayetoka masomo.

Lazima ya kila mwenye gari kuwa na asiransi iliwekwa na sheria ya tarehe 5 mwezi wa kwanza 1973. Ina zaidi ya miaka hamsini. Sasa mbona, mtu akigongwa leo, familia njo inazunguka kwa majirani na kanisani kuchanga franga za hospitali? Ili kujibu, inabidi turudi nyuma kidogo, sababu shida haikuanzia barabarani.

Kampuni moja kwa inchi nzima

Baada ya uhuru, kazi ya bima katika Congo ilikuwa bado mikononi mwa kampuni za kigeni, nyingi za Kibelgiji. Mwezi wa kumi na moja 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kuchukua madaraka, Leta iliunda SONAS na kuipatia soko lote. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuuza bima. Ilikuwa wakati mmoja na kuchukuliwa kwa Union Minière kule Katanga, na wazo lilikuwa lile lile: pesa ya Wakongomani ibakie Congo, isiende Brussels.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Na hatukuwa peke yetu. Tanzania ilifanya vile vile mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, ikaiachia NIC soko lote. Inchi za Ulaya ya Mashariki zilikuwa nalo vile vile: Poland ilikuwa na PZU, Umoja wa Kisovieti ulikuwa na Gosstrakh. Shida ni kwamba kampuni isiyo na mshindani haina haraka. Mteja akichoka kungojea malipo, ataenda wapi? Hakuna fasi ingine. Malalamiko juu ya madosie ya ajali kukaa miaka bila kulipwa yalienea inchi nzima, na watu wakazoea kusema kwamba asiransi ni ya kulipa, si ya kulipwa.

Lakini kuweka kosa lote juu ya kampuni moja ni kuonea. Kilichoiua bima ya Zaïre, kwa maoni yangu, ni franga yenyewe.

Fikiria hivi. Bima ni biashara ya ajabu: muuzaji anapokea pesa leo, na anatoa alichouza kesho, ama baada ya miaka 20. Kati ya leo na kesho anakaa na pesa ya watu. Kama ile pesa inaoza ndani ya kasha, hata muuzaji mwenye roho safi hataweza kutimiza ahadi.

Zaïre ilipoanza mwaka 1967, zaïre moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Tuseme baba mmoja wa Bukavu, mwaka 1970, alikata bima ya maisha ili watoto wake wapate zaïre 10.000 siku moja. Zilikuwa sawa na dola 20.000, nyumba nzuri kabisa. Mwaka 1993 Leta ikabadilisha noti: zaïre milioni 3 za zamani zikawa zaïre mpya moja. Mwaka 1998 ikaleta franga ya Congo: zaïre mpya 100.000 zikawa franga moja. Piga hesabu: franga moja ya 1998 ni zaïre bilioni 300 za ule baba. Zile 10.000 zake zilikuwa zimebakia sehemu moja ya milioni 30 ya franga moja. Hakuna noti ndogo hivyo. Hata kampuni ingetaka kumlipa, ingemlipa na nini?

Poland walipitia jambo la aina hiyo, ijapokuwa si kwa ukali kama wetu. Bei zilipanda karibu mara saba kwa mwaka mmoja, 1990, na wazazi waliokuwa wamelipia watoto wao bima ya kuanzia maisha wakajikuta na karatasi isiyonunua hata viatu. Walienda tribinali, na matribinali yakaamua kwamba ahadi zile zipigwe hesabu upya kulingana na thamani ya pesa. Watu wengi walipata kitu, si chote. Nataja hii ili tuelewe jambo moja: kutengeneza bima bila kutengeneza pesa ya inchi ni kazi ya bure. Njo maana hadi leo kontra nyingi za bima katika Congo zinaandikwa kwa dola, wakati motari anapokea franga. Bei ya dola ikipanda, asiransi yake inapanda bila mtu kumuuliza.

Sheria ya 2015 ilibadilisha nini

Tarehe 17 mwezi wa tatu 2015, Rais Joseph Kabila alitia sahihi sheria namba 15/005 inayoitwa Kodi ya Bima. (Hapa neno kodi ni la Kifaransa, maana yake kitabu cha sheria, ndugu zetu wanaofikiri ni taksi ingine watulie.) Sheria ile ilimaliza ufalme wa SONAS wa karibu miaka hamsini. Mwaka uliofuata Leta iliunda ARCA, ofisi ya kusimamia na kuchunguza kampuni zote za bima. Na mwaka 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zikapata ruhusa ya kufanya kazi. Kati ya zile zilizoingia kuna Rawsur, yenye mtaji wa hapa inchini, Activa yenye mizizi Cameroun, na Mayfair yenye mizizi Kenya. SONAS haikufa. Inaendelea kuuza, lakini sasa iko na washindani.

Unaona kwamba kati ya sheria na kampuni ya kwanza ilipita miaka minne. Wengine walilalamika kwamba ni polepole mno. Mimi naona ilikuwa sawa kutanguliza mlinzi mbele ya wachuuzi. Inchi nyingi zilifungua soko kwanza na kutafuta mlinzi baadaye: kila mwenye biro na muhuri akauza bima, na siku ya kulipa biro ikawa imefungwa.

Kazi ya ARCA, kwa maneno ya kawaida, ni kuangalia kasha. Kampuni ya bima hailindwi na jina lake wala na jengo lenye vioo. Inalindwa na akiba iliyowekwa pembeni juu ya ajali zilizokwisha kutokea lakini hazijalipwa, na zile zinazoweza kutokea kabla kontra kuisha. ARCA inapaswa kuona kwamba akiba ile iko kweli, kwamba imewekwa fasi inayoeleweka, na kwamba wenye kampuni hawaigusi. Kampuni isiyotimiza inaweza kunyanganywa ruhusa.

Na akiba inawekwa wapi? Hapa bima inaingia ndani ya siasa ya uchumi wa inchi. Congo haina soko la hisa. Kwa hiyo pesa inakaa benki, ama inanunua majengo, ama inaikopesha Leta. Tangu mwisho wa 2019 Leta ilirudia kukopa kwa wazi kupitia bondi za Hazina, na kwa kampuni za bima hiyo ni fasi moja ya kuweka pesa ya wateja. Ni jambo jema, Leta inapata pesa bila kuchapisha noti. Lakini maana yake pia ni kwamba Leta ikichelewa kulipa deni lake, mama wa beseni la ndizi naye atachelewa kulipwa, hata kama hajawahi kumkopesha mtu yeyote.

Sheria ilikataza pia kuvusha bima nje ya inchi. Mgodi ama jengo lililo Congo linapaswa kukatiwa bima kwa kampuni yenye ruhusa ya Congo, na mizigo inayoingia kutoka inchi za inje vile vile. Ni kwa njia hiyo soko limepata nguvu. Tusijidanganye lakini: sehemu kubwa ya nguvu ile inatoka kwa migodi, benki na kampuni kubwa za Kinshasa na Katanga. Mwenye butike wa Kadutu ama Birere hayuko bado ndani ya hesabu.

Kwa nini motari halipi, na kwa nini inamrudia

Tuchukue mfano wa kufikirika, namba zake ni za kurahisisha tu. Motari 1.000 wa mji mmoja wanalipa kila mmoja dola 40 kwa mwaka. Kasha linapata dola 40.000. Ndani ya mwaka zinatokea ajali 12, kila moja inagharimu dola 2.500: jumla 30.000. Zinabakia 10.000 za kulipa biro, wafanyakazi na akiba. Kampuni inasimama, majeruhi wanalipwa.

Sasa tuseme wanaolipa ni 300 tu, wengine wanapenda kujipanga na rulaje. Kasha linapata dola 12.000. Kati ya wale 300 zinatokea ajali kama nne, dola 10.000. Zinabakia 2.000, na biro inakula zaidi ya hapo. Kampuni iko na njia mbili: kupandisha bei kwa wale 300 waaminifu, ama kuanza kuchelewesha malipo, leo inaomba karatasi hii, kesho ile. Ikipandisha bei, wengine tena wanatoka. Ikichelewesha, mji mzima unasema: si tuliwaambia? Na wale waliogongwa na moto 700 zisizo na asiransi hawana wa kumdai isipokuwa kijana mwenye moto ya mkopo.

Franga 5.000 anazopewa polisi barabarani si ndogo kama zinavyoonekana. Zinatoka ndani ya kasha la majeruhi.

Soko kufunguliwa hakumalizi duara hili. Ushindani unaweza hata kuliharibu zaidi, kama kampuni zinapigana kwa kushusha bei hadi chini ya gharama ya ajali. Tanzania waliliona hilo. Walifungua soko lao kwa sheria ya 1996, NIC ikabakia kampuni kati ya zingine. Baadaye ikabidi sheria iseme wazi kwamba asiyelipa mchango hana kinga, sababu kampuni zilikuwa zinakopesha bima ili zipate wateja, na pesa haikuja. Kilichosaidia pia ni mtandao: leo Tanzania hati ya bima ya gari inahakikishwa kwa mfumo wa msimamizi, TIRA, kwa kutumia namba ya gari. Karatasi ya uongo haina maana tena, kwa kuwa jibu haliko kwenye karatasi. Rwanda, jirani wetu wa mlangoni, iko na mfuko wa pekee unaolipa watu waliogongwa na gari lisilo na bima ama lililokimbia. Haya si mambo ya kuhitaji mabilioni. Yanahitaji orodha moja safi ya magari na moto zote, na hapa kwetu moto zinazotembea bila plaki tunaziona kila siku.

Volkano, ziwa na vita

Watu wa mashariki wanauliza swali ambalo watu wa Kinshasa hawaulizi sana: asiransi inafaa nini fasi ambapo msiba unakuja kwa mji mzima?

Ni swali la haki. Sisi tuko na bima yetu ya zamani, likilimba, na michango ya kilio. Mmoja akipatwa, ishirini wanamsaidia. Inafanya kazi vizuri sana, hadi siku wote ishirini wanapatwa pamoja. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 iliposhuka tena hadi kando ya mji, likilimba ya kartie nzima ililala inje usiku mmoja. Hakukuwa na wa kumchangia mwenzake.

Kampuni ya bima ya hapa inchini ingekuwa na shida ile ile kama ingebeba mzigo peke yake. Ndiyo sababu nayo inajikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi, kama Africa Re yenye makao Lagos ama ZEP-RE ya Nairobi, ambazo nazo zinasambaza mzigo hadi Ulaya. Nyumba ikiungua Bukavu, sehemu ya malipo inaweza kutoka kwa watu wasioijua hata ramani ya Kivu. Hapo njo nguvu ya bima inaizidi ile ya likilimba: inachanga na watu walio mbali na volkano. Lakini usifikiri kila kontra ya moto wa nyumba inaingiza volkano ama tetemeko la inchi. Mara nyingi ni kipengele cha kuongeza, na kina bei yake. Uliza kabla ya kutia sahihi.

Kwa upande wa vita jibu ni gumu zaidi. Kontra za kawaida za bima, duniani kote, zinaweka vita inje. Butike ikiporwa wakati wa mapigano, lori likichomwa barabarani na watu wenye silaha, kampuni itasoma kipengele kile na kufunga dosie. Kinga ya vita na fujo inauzwa pekee, bei yake ni ya juu, na fasi nyingi za kwetu haiuzwi kabisa. Tena, Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango. Bima inapita kwa benki. Mteja akikosa njia ya kulipa mchango, na kampuni ikikosa njia ya kumlipa, sheria ya 2015 inabakia kitabu kizuri kule Kinshasa. Hakuna mageuzi ya soko yanayoruka juu ya jambo hilo, na wataalamu wanaosifu soko letu linavyokua wangefanya vizuri kuonyesha namba za kila provensi, si za inchi nzima tu.

Wanaosafiri ziwani nao wako mbali na kinga. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na kufika Kituku, Goma ikiangalia. Watu wengi walikufa. Majina ya abiria hayakuwa kwenye orodha kamili, na bila orodha hata bima ingekuwepo haingejua inamlipa nani.

Kwa wale wanaovuka mpaka

Shofere wa lori anayepita Kasindi kwenda Uganda, ama Gatumba kwenda Burundi, anapaswa kuijua kadi ya njano ya COMESA. Asiransi yako ya Congo inaishia mpakani. Kadi ya njano inaipanua: ukimgonga mtu Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya ama Tanzania, atalipwa kwa kufuata sheria ya inchi ile, kupitia biro ya kadi iliyo kule, na hesabu inakuja kurudishwa baadaye kati ya kampuni. Tanzania haiko ndani ya COMESA lakini iliingia kwenye mpango huu. Kadi inalipa pia matibabu ya haraka ya shofere na abiria wake. Hailipi gari lako mwenyewe wala mizigo. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kuwa mwanamemba hakukuondolei lazima ya kadi.

Ukigongwa, ama mtu wako akigongwa

Watu wengi wanapoteza haki yao ndani ya saa la kwanza. Kila mtu anakimbia hospitali, na ni sawa. Lakini mmoja abakie aandike namba ya plaki, apige picha ya karatasi ya asiransi: jina la kampuni, namba ya kontra, tarehe inapoisha. Abiria wa taksi na mtembea kwa miguu hawahitaji kuwa wamekata bima yoyote. Wanadai kwa bima ya gari lililowagonga. Maelewano ya haraka, kwamba shofere analipa sindano na mambo yanaisha, yakiandikwa na kutiwa sahihi yanaweza kuwafungia mlango.

Polisi waje, waandike PV. Bila PV dosie haisongi. Omba namba yake siku ile ile, si baada ya mwezi. Mwenye gari naye apeleke taarifa kwa kampuni mapema, sababu kontra inaweka muda, na kuuchelewesha kunaweza kuwa sababu ya kukataliwa. Peleka karatasi za hospitali na facture zote, ubakie na kopi, na mtu wa biro atie muhuri na tarehe kwenye kopi yako. Ule muhuri njo utakaokusaidia ukiandikia ARCA kulalamika kwamba miezi imepita.

Na kabla ya kununua, uliza jina kamili la kampuni, uhakikishe liko kwenye orodha ya zile zenye ruhusa ya ARCA. Ule anayekuuzia parkingi ni mara nyingi ajenti tu. Reçu iwe na jina la kampuni, si la kwake.